Kukimbia kilomita 5 na mtoto mdogo: hatua kwa hatua, tangu kujiandikisha hadi kurudi nyumbani

Kila mwaka ikikaribia Februari, watu wakianza kukata tiketi za basi kwenda Moshi kwenye mbio, simu yangu hujaa maswali yale yale. Mtoto wa miaka minne ataweza? Nimbebe au nimwache atembee? Na yeye analipiwa? Akichoka katikati ya njia nitafanyaje? Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona heri niandike yote mahali pamoja, kila mzazi asome kwa nafasi yake.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Binti ana miaka 9, mdogo wake wa kiume ana 5. Huu ni mwaka wa nne tunaingia mbio za kilomita 5 pamoja, na makosa karibu yote nitakayokuonya hapa niliyafanya mwenyewe kwanza.

Jambo moja ulikubali kabla hujalipa hata senti: siku hiyo hukimbii wewe, anakimbia mtoto. Mwendo ni wake, kusimama ni kwake, na akiamua kuacha, mmeacha. Kama moyo wako unataka kuvunja muda wako wa mwaka jana, jiandikishe kilomita 21 peke yako na umwache mtoto kwa bibi yake. Ukichanganya hayo mawili utamvuta, atalia, na mwakani ukimtajia mbio atajificha chooni.

Ni mbio zipi hasa?

Mashindano mengi makubwa ya kwetu yana umbali mfupi uliowekwa kwa ajili ya familia. Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ina kilomita 42.2 na 21.1 za wanaoshindana, halafu ina kilomita 5 za kila mtu: babu, mwanafunzi, mama mwenye kitambi cha uzazi. Dar kuna mbio za Rotary za Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba. Wenzetu wa Kenya wana mbio za Nairobi, nazo huwa na umbali wa familia, na wana za Lewa, zilizoanza mwaka 2000, ambazo hukimbiwa mwezi Juni katikati ya hifadhi ya wanyama.

Lakini kwa mtoto ambaye hajawahi kabisa, ushauri wangu ni kuanza na joging ya mtaani. Vikundi vipo karibu kila kona ya Dar, vinatoka Jumamosi au Jumapili alfajiri, watu wanaimba, mwendo ni wa pole na hakuna anayeachwa. Mkae mwisho wa kundi, mtoto awe upande wa ndani wa barabara, mkimbie robo ya njia kisha mrudi. Hapo utajua mapema kama anapenda umati na kelele au vinamtisha.

Umri na umbali

Hiki ni kipimo changu. Si sheria ya mtu, lakini kimenisaidia.

Chini ya miaka 3: mtoto ni mtazamaji. Acha akimbie mita 100 za mwisho akitaka. Usikimbie naye mgongoni kwenye mbeleko. Kutembea naye mgongoni hakuna tatizo, mama zetu wametubeba hivyo, ila kukimbia kunamtikisa kichwa na shingo, na wewe ukijikwaa mnaanguka wawili. Vigari vya watoto mbio nyingi haziviruhusu kwa sababu wakimbiaji huvigonga wakaanguka, kwa hiyo uliza kabla hujakibeba hadi uwanjani.

Miaka 3 hadi 5: nusu kilomita hadi kilomita moja ya kukimbia. Kilomita 5 anaweza kuzimaliza ikiwa sehemu kubwa mtatembea na wewe hutamhimiza.

Miaka 6 hadi 8: kilomita 5 za kukimbia na kutembea, bila kuangalia saa.

Miaka 9 na kuendelea: kilomita 5 anaweza kuzikimbia karibu zote akiwa amefanya mazoezi. Kilomita 10 sijamruhusu binti yangu, na sitamruhusu kabla hajafika 12, hata alie.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Raba zilizovaliwa wiki tatu au zaidi. Za mtumba zinafaa kabisa kama soli haijakakamaa. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Viatu vya shule na ndala, hapana.
- Soksi za pamba zisizo na mshono mnene kwenye vidole, jozi mbili.
- Kofia ya rangi kali, tofauti na tisheti ya mbio. Sababu yake utaiona mbele.
- Chupa ndogo ya maji anayoweza kuishika mwenyewe.
- Mafuta ya mgando, plasta, tishu, na mfuko wa kutapikia.
- Kanga moja. Itakuwa kivuli, taulo, pazia la kubadilishia nguo na shuka la kulalia kwenye gari.
- Chakula kidogo cha baadaye: ndizi mbivu, mkate, maziwa.
- Mtu mzima mmoja kwa kila mtoto wa chini ya miaka 7. Hapa sina mjadala. Nilijaribu kuwa peke yangu na wawili. Mmoja akataka choo, mwingine akagoma kuondoka kwenye muziki, na nilibaki nimesimama nikiwa nimewashika mikono yote miwili bila kujua niende wapi.

Hatua ya 1: Muulize mtoto, kisha muulize daktari

Mtoto aseme mwenyewe kwamba anataka. Muoneshe picha au video za watu wanakimbia, mwambie kutakuwa na kelele, watu wengi, jua na medali. Akisema hataki, mwache mwaka huu.

Daktari ni wa lazima kama mtoto ana pumu, tatizo la moyo au selimundu. Selimundu naisisitiza kwa sababu huku kwetu watoto wenye nayo ni wengi, na mchanganyiko wa uchovu mkubwa, joto na kukosa maji unaweza kumletea maumivu makali mwilini. Wengine wanaruhusiwa kutembea tu, wengine hawaruhusiwi kabisa. Anayejua ni daktari wa kliniki yake. Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwako wakati wote. Usiiache kwenye begi ulilomwachia mtu uwanjani.

Aliyetoka kuugua malaria au homa yoyote juzi, asikimbie.

Hatua ya 2: Soma masharti ya mbio

Tafuta mambo haya matano: umri wa chini unaoruhusiwa, saa ya kuanza, muda wa mwisho wa kumaliza, meza za maji zipo kilomita ngapi, na kama mtoto anapewa namba yake (ile karatasi ya kubandika kifuani) na medali yake.

Muda wa mwisho wengi wanauruka. Mimi na mwanangu, alipokuwa na miaka 4, tulitumia saa moja na dakika 20. Barabara ikifunguliwa kabla hamjafika, mtajikuta mnamalizia katikati ya bodaboda.

Angalia na majira. Dar wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, saa 2:30 asubuhi lami imeshapata moto. Mbio zinazoanza saa 2:00 wakati huo mimi siendi na mtoto, hata zikiwa za bure. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo neema yetu. Mbio zikiangukia Ramadhani na mtoto wako anajifunza kufunga, chagua kimoja kwa siku hiyo.

Hatua ya 3: Jiandikisheni wote, kila mtu kwa jina lake

Siku hizi unajaza fomu kwenye simu na kulipa kwa simu. Mjazie mtoto umri wake wa kweli. Wapo wanaompitisha mtoto bila namba kwa kuona ni mdogo, hatahesabiwa. Waandaaji hupanga maji, medali na watu wa huduma ya kwanza kwa idadi ya waliojiandikisha, na akipatwa na lolote, namba yake ndiyo inayowaambia yeye ni nani na mzazi ni nani. Sehemu ya mawasiliano ya dharura weka simu ya mtu ambaye hatakimbia, maana yako itakuwa mfukoni inatoa jasho.

Tisheti: vipimo vya watoto huisha mapema au havipo kabisa. Ukipewa ya mtu mzima, usimvalishe ikamfika magotini. Ikunje pembeni uifunge fundo, au avae fulana yake ya nyumbani na ile ya mbio aje kuilalia.

Hatua ya 4: Mazoezi ya wiki sita, nguzo kwa nguzo

Mtoto anayecheza kombolela na rede kila jioni hadi maghrib ana pumzi kukuzidi wewe. Asichojua ni kugawa pumzi. Ukimwachia atafyatuka kama ameona simba, baada ya mita 200 amekaa chini. Mazoezi yote haya ni ya kumfundisha kwenda polepole.

Sisi tunatumia nguzo za umeme. Mtaani kwetu zimeachana hatua zangu 60 hivi. Fanyeni siku mbili au tatu kwa wiki, dakika 20, asubuhi au jioni jua likiwa limelala:

Wiki ya 1 na 2: kimbieni nguzo moja, tembeeni nguzo mbili.
Wiki ya 3 na 4: kimbieni mbili, tembeeni mbili.
Wiki ya 5: kimbieni tatu, tembeeni moja.
Wiki ya 6: punguzeni. Siku mbili tu, fupi, mchezo mwingi.

Kipimo cha mwendo ni mdomo. Akiweza kuzungumza na wewe huku anakimbia, ni sawa. Akijibu neno moja moja, punguzeni. Binti yangu aliniimbia jedwali la mara saba kutoka nguzo ya kwanza hadi ya nne, nikajua tuko vizuri.

Angalizo: usimpe kilomita 5 zote kwenye mazoezi ili "kumpima". Kilomita 3 zikiwa rahisi kwake, 5 za siku yenyewe atazibeba kwa raha ya umati.

Hatua ya 5: Siku moja kabla

Kachukue namba mapema. Alasiri foleni huwa ndefu na watoto hukosa uvumilivu. Mkifika nyumbani, fanya kazi hii usiku huo huo. Geuza namba ya mtoto, nyuma yake andika kwa peni ya wino usiofutika: jina lako, namba mbili za simu, na dawa au chakula kinachomdhuru kama kipo. Jina la mtoto usiliandike mbele wala kwenye mgongo wa tisheti. Mtu asiyemjua akimwita kwa jina lake, mtoto humwendea akidhani anajulikana.

Namba ya simu kwenye mkono peke yake haitoshi. Nilimwandikia mwanangu mkononi kwa peni ya kawaida, kilomita ya pili jasho likaigeuza doa la bluu.

Chakula cha usiku kiwe kile alichozoea. Wali, maharage, basi. Pilau ya sherehe na soda isubiri kesho. Alale saa 2:00, nguo zikiwa zimekunjwa kitandani kwa mpangilio wa kuvaa, maana utamwamsha gizani.

Hatua ya 6: Asubuhi

Mwamshe saa mbili kabla ya mbio. Kikombe cha uji au mkate na ndizi, saa moja na nusu kabla. Maziwa mengi asubuhi hiyo hapana, yatarudi juu. Chooni nyumbani hata kama anasema hana haja. Mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye visigino. Mpige picha ya wima akiwa ameshavaa kila kitu, kofia ikiwa kichwani.

Picha na kofia vina kazi moja. Uwanjani kutakuwa na maelfu ya watu waliovaa tisheti ile ile uliyomvalisha mtoto wako. Ukimwambia mlinzi "amevaa tisheti ya njano", umemwonesha uwanja mzima. Ukimwonesha picha ya asubuhi hiyo, mtoto mwenye kofia nyekundu, anajua anatafuta nini.

Mbio nyingi ni za Jumapili. Sisi tunasali ibada ya pili au ya jioni siku hiyo, na watoto wanajua kabla, wasiulize njiani.

Hatua ya 7: Kufika

Fikeni dakika 45 kabla. Barabara zinafungwa, daladala hazipiti, kwa hiyo shukeni mbali na mtembee. Kutembea huko ndiko kupasha misuli moto. Mambo matatu mkifika: choo, kivuli, na mahali pa kukutana. Mahali pawe kitu kisichohama: mti mkubwa, lango, mlingoti wa bendera. Usichague gari la matangazo. Nililichagua mwaka wa kwanza, na tulipomaliza lilikuwa limeshaondoka. Mpeleke mtoto hadi pale, aguse kwa mkono, mwambie: "Ukinikosa, njoo hapa usimame, usinitafute. Mama ndiye atakutafuta." Arudie kwa mdomo wake.

Kaeni mbali na spika. Mtoto wa miaka 4 akisimama mita tatu kutoka kwenye zile spika ndefu kama kabati, ataanza mbio akiwa ameshachoka.

Hatua ya 8: Kuanza

Nyuma kabisa. Waacheni wote wapite, hesabuni hadi mia, halafu muanze. Mita 200 za kwanza ndizo za hatari kuliko zote, kwa sababu watu wazima wanasukumana, wanasimama ghafla kujipiga picha, na mtoto yuko usawa wa viwiko vyao. Mwambie mapema kwamba kutalia mlio mkubwa wa kuanzisha. Ukilia, msikimbie. Chekeni, mpunge mikono, msubiri.

Usimshike mkono mkiwa mnakimbia. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 kiungo cha kiwiko bado hakijakaza vizuri. Akijikwaa wewe ukiwa umemning'iniza kwa mkono mmoja, kiwiko kinaweza kuteguka. Mpe pindo la tisheti yako ashike, au kidole kimoja. Akianguka, ataachia mwenyewe.

Hatua ya 9: Njiani

Kaeni pembeni, upande wa kushoto, na msisimame ghafla. Mkitaka kutembea, songeeni pembeni kabisa kwanza, inua mkono, ndipo mpunguze mwendo. Nyuma yenu huenda kuna mtu wa kilomita 21 anayekuja kwa kasi kwenye barabara hiyo hiyo.

Fuateni mpango wa nguzo kama mlivyozoea. Kila meza ya maji, mafunda mawili matatu. Asinywe chupa nzima kwa mkupuo, tumbo litambana. Kikombe cha pili mmwagie kichwani na shingoni. Watoto wakinogewa husahau kunywa, kwa hiyo wewe ndiye wa kukumbuka.

Na hapa nikuombe jambo. Mwache aone. Mwaka jana, mbele kidogo ya meza ya pili ya maji, mwanangu alichuchumaa ghafla. Barabara ilikuwa imejaa vizibo vya chupa za maji, vya bluu na vyeupe, vinang'aa kwenye lami iliyolowa. Akaanza kuviokota kimoja kimoja, anapangusa kila kizibo kwenye kaptura kabla ya kukitia mfukoni. Watu walikuwa wanatupita, nami nilitamani sana twende. Nikanyamaza, nikamsogeza ukingoni, nikamziba jua kwa mwili wangu hadi mfuko ukajaa. Alipoinuka alikimbia nguzo sita bila kusimama, vizibo vinalia mfukoni kama kayamba. Vingine bado viko kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda chake, na kila akicheza navyo ananiuliza mbio nyingine ni lini.

Hadithi za wakimbiaji wetu zinafaa sana kilomita ya tatu, ile ambayo kelele za kuanza zimeisha na za kumaliza hazijasikika. Tunasimuliana Filbert Bayi alivyoongoza toka mwanzo mpaka mwisho kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500, na Juma Ikangaa alivyoshinda marathoni ya New York mwaka 1989. Ya John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho na goti limefungwa bandeji, naisimulia nyumbani tu. Njiani hapana. Nimeona wazazi wakiitumia kumlazimisha mtoto anayelia aendelee. Akhwari alikuwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe. Mtoto wa miaka 6 anayesema mguu unauma anahitaji kusikilizwa.

Hatua ya 10: Mstari wa mwisho

Mita 200 za mwisho mpe ruhusa ya kufyatuka. Avuke kwa miguu yake. Nimeona baba wengi wakiwabeba watoto begani mita chache kabla ya mstari ili picha ipendeze, na mtoto anapiga mateke anataka kushuka. Mpiga picha ataipata picha hata akiwa chini. Kama namba ina chipu, kile kidude cha kupima muda, akanyage mwenyewe mkeka wa kuisoma ulio kwenye mstari.

Mkishavuka msisimame, endeleeni kutembea dakika tano. Watu wengi huanguka hapo hapo mbele ya mstari, na wanaotoka nyuma hawaoni mtoto mfupi.

Hatua ya 11: Baada ya mbio

Kivuli, maji kidogo kidogo, ndizi, kisha maziwa. Vua soksi, kagua vidole. Mbadilishe tisheti iliyolowa hata kama kuna joto. Ondokeni kabla ya watu kutoka kwa wingi. Tamasha la muziki ni zuri, ila mtoto aliyeamka saa 10 usiku ataanza kulia saa 4 asubuhi, na foleni ya bajaji itakuwa inaanza.

Mambo yakienda kombo

*Amegoma kuanza.* Msubiri dakika kumi, mwache aangalie. Bado hataki? Tembeeni naye hadi meza ya kwanza ya maji mrudi. Hela imeshalipwa, hairudi kwa kumpigia kelele.

*Anasema ubavu unambana.* Tembeeni, avute pumzi ndefu kwa pua, aitoe polepole kwa mdomo, na aukandamize pale panapouma kwa vidole. Mara nyingi ni maji mengi au kuanza kwa kasi.

*Anatapika.* Simameni kivulini, asukutue, anywe funda dogo baada ya dakika chache. Akitapika tena, mbio zimeisha.

*Ana kizunguzungu, kichwa kinamuuma, amelegea, au anaongea maneno yasiyoeleweka.* Hiyo ni hatari ya joto. Usingoje. Mpeleke kivulini, mvue tisheti na kofia, mloweshe maji mwili mzima, mpepee kwa kanga, tuma mtu aite huduma ya kwanza. Mtoto aliyechanganyikiwa au anayesinzia usimnyweshe kitu, kitampalia.

*Damu puani.* Akae, ainamishe kichwa mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Kumlaza chali kunampeleka damu tumboni.

*Lengelenge.* Usilitumbue. Bandika plasta, badilisha soksi, tembeeni. Angalia usiku raba zinagusa wapi.

*Amepotea.* Mtu mmoja aende mahali pa kukutana asibanduke. Mwingine aende moja kwa moja kwa mshereheshaji mwenye kipaza sauti, na picha ya asubuhi mkononi. Mwambie atangaze rangi ya kofia na namba ya kifuani, jina asilitaje. Binti yangu alinipotea dakika sita, mwaka wetu wa kwanza. Nilimkuta ameshika mti tuliokubaliana, hata hakulia. Niliyelia ni mimi.

*Mvua.* Manyunyu, endeleeni. Radi ikisikika, tokeni barabarani mwende kwenye jengo. Mti si mahali pa kujikinga na radi.

*Medali zimeisha.* Ilitutokea kwenye mbio moja, mwanangu akiwa wa mwisho kabisa na meza tupu. Nilimpa yangu hapo hapo, kabla hajaelewa kilichotokea. Tangu hapo huwa na moja ya mwaka uliopita kwenye begi, ya akiba.

*Amelala njiani kurudi, namba bado iko kifuani.* Usimlaze nayo. Namba inashikwa na pini nne, na pini iliyofunguka kwenye kiti cha nyuma huionekani hadi imchome mtu. Ifungue taratibu, hesabu pini zote nne mkononi, zifunge, zitie kwenye mfuko wa soksi chafu. Kisha mfunike kanga.